Mzika Hai: Fundi chokaa aliyetangaza msiba wa ukuta mzima

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na usimtafute mwingine," anasema fundi. Amesimama juu ya jukwaa la mirunda, usawa wa ghorofa ya kwanza, mgongo kaupa mtaa na uso kaupa ukuta. "Watu walikuwa wengi pale, lakini mjinga alikuwa mmoja."

Anacheka mwenyewe kabla hajachekwa. Kisha anaigeuza nyundo, anaishika upande wa chuma na kuugonga ukuta kwa mpini. Ko. Ko. Ko. Anasogeza sikio karibu kama mtu anayewasikiliza majirani wakigombana.

"Huyu hai," anasema. Anasogea kidogo ubavuni, anagonga tena. Ko. "Na huyu naye hai. Hawa ndio niliotaka kuwazika."

Chini yake mtaa umeshaamka. Wauza vifaa vya simu wanapanga meza, madereva wanagombea pa kuegesha, na kila anayepita anainua macho kidogo. Jengo analolihudumia fundi huyu ni la ghorofa moja, la mawe na chokaa. Kushoto limebanwa na mnara wa vioo, kulia na uwanja uliozungushiwa mabati, palipokuwa na nyumba nyingine mbili za umri wake. Kwenye mabati hayo kumebandikwa picha ya familia ikicheka meno yote nje, ikiwa kwenye roshani ya ghorofa ambayo haijajengwa bado.

"Wale wanacheka tangu mwaka juzi," anasema fundi. "Sijui waliambiwa kichekesho gani, na mimi wanihadithie."

Jina alilopewa na wazazi wake halisikiki sana mtaani hapa. Anaitwa Mzika Hai, naye huitika mara ya kwanza, tena kwa sauti. Wengine wangeona haya. Yeye jina hilo kaliandika kwa rangi nyeupe kwenye ndoo zake zote, na anaamini ndilo lililomfanya awe fundi kamili.

Hakuzaliwa kwenye chokaa. Alianza ujana wake akibeba zege kwenye ghorofa mpya, wakati ambao kila kona ya katikati ya jiji ilikuwa ikibomolewa na kujengwa upya. Kazi ilikuwa ya kutwa na malipo ya kutwa, na siku ya mvua hakuna kazi wala chakula. Kisha ubao ukamponyoka, akaanguka, mguu ukavunjika mahali pawili.

"Niliporudi na fimbo, msimamizi aliniangalia kama kiti kilichovunjika," anakumbuka. "Akaniambia, ndugu yangu, hapa watu wanapanda juu, wewe utapanda wapi?"

Aliyempokea alikuwa mzee mmoja mpika chokaa, mtu asiyependa maneno, aliyekuwa akitengeneza ukuta wa zahanati ya zamani. Mzee hakuhitaji mtu wa kupanda. Alihitaji mtu wa kukaa kando ya shimo na kukoroga.

Kwa hiyo fundi huyu ufundi aliuanza akiwa amekaa. Aliona mawe ya chokaa yaliyochomwa yakitiwa majini na kuchemka yenyewe bila moto. Aliona uji ule mzito ukiachwa chini ya maji miezi na miezi, hadi ulainike kama siagi. Alijifunza kungoja, jambo ambalo mkewe anasema nyumbani bado hajalijua.

"Saruji ni kama mgeni mwenye haraka," anafafanua, akichota chokaa kwa mwiko. "Ndiyo kwanza kaingia, tayari anataka kiti cha mwenye nyumba. Ukuta wa zamani unapumua, unakunywa maji na kuyatoa. Ukiupaka saruji, umemvisha mtu nailoni juani. Atatoka jasho, ataumwa, halafu mtasema ni uzee."

Mzee yule ndiye aliyemfundisha kugonga na kusikiliza. Sauti kavu, inayorudi haraka, maana yake jiwe na chokaa bado vimeshikana: ukuta hai. Sauti nzito ya debe tupu maana yake ndani kumeachia: ukuta mfu. Mguu ulipopona, fundi akapanda jukwaa na sikio lake. Akaokoa ukuta wa zahanati, akaokoa ngazi za shule ya zamani. Taratibu ikajulikana mjini kwamba yeye akisema huyu hai, ni hai, na akisema kafa, kafa.

Hapo ndipo palipokuja kumponza.

Jengo hili ni mali ya mama mmoja, fundi cherehani wa miaka sabini na kitu, aliyeachiwa na baba yake. Mpwa wake humwita Shangazi, na kwa kuwa mpwa huyo ni dalali mwenye sauti kubwa, mtaa mzima umeiga. Shangazi anaishi ghorofa ya kwanza, anashona palepale, na vyumba vya chini kawapangisha kinyozi na mtengeneza viatu.

Mwaka uliopita ufa mrefu ulijitokeza kwenye kona ya mbele, kwenye lipu ya saruji iliyopakwa zamani na mtu asiyejulikana. Mhandisi wa jiji akaja. Ni mwanamke mpole, mwenye buti kubwa kuliko sauti yake. Akamweleza Shangazi waziwazi: kona ikiwa nzima, jengo litatengenezwa, ikiwa imeoza, jengo litashushwa kabla ya mvua, lisije likamwangukia mtu. Wote wakakubaliana aitwe mtu wa kugonga.

Akaja. Akagonga chini, hai. Akagonga katikati, hai. Akapanda hadi kona ya chumba cha Shangazi, akagonga. Bo. Bo. Bo. Debe tupu, upana wa mtu aliyenyoosha mikono.

"Shangazi, pole sana," alisema, kwa sauti ya msibani. "Huyu katutoka."

Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa mojamoja. "Katutoka nani?"

"Ukuta."

"Umetoka umekwenda wapi? Mbona nauona?"

"Umekufa, Shangazi. Sikiliza mwenyewe." Bo. Bo.

"Mvua zote zinazonyesha, kuta nyingine humu zinalia," Shangazi akasema. "Kona hii haijawahi kutoa hata jasho. Mfu gani mkavu hivyo?"

"Basi wewe hujaona maiti, Shangazi. Wanaolia ni wafiwa."

Watu wakaangua kicheko. "Na mimi nikajiona hodari wa maneno," fundi anasema sasa, akitikisa kichwa. "Mama ananipa jibu kwenye sahani, mimi namrudishia utani."

Mhandisi hakucheka. Aliitazama dari, mahali boriti za paa zilipoikalia kona ileile. "Mimi sibishani na sikio lako, fundi," akasema. "Kama hapa pamekufa, paa halina pa kushika. Jengo litashuka."

Mpwa alikuwa ameshatoka nje, simu sikioni, akitaja ukubwa wa kiwanja.

Shangazi hakulia wala hakupiga kelele. Alirudisha pini mdomoni, akakaa, akaendelea kushona. "Ile cherehani ilivyokuwa ikilia, trrr, trrr, ndiyo iliyonichoma," anasema fundi. "Afadhali angenitukana."

Kesho yake alirudi peke yake. Hakurudi kubatilisha neno lake. Alitaka tu kuyatoa mawe mazuri kwa mkono, yasije yakasagwa na mashine. Akaanzia kwenye ile kona mfu, kwa nje, akiwa juu ya jukwaa. Alipiga tindo mara chache tu, na tindo lote likazama, likamponyoka na kuangukia ndani. Akalisikia likitua. Halikutua juu ya kifusi. Lilitua juu ya ubao.

Akaingiza mkono. Akagusa hewa, kisha vumbi, kisha bawa la dirisha.

Alipolipanua tundu, mambo yakawa wazi. Zamani sana, kabla baba yake Shangazi hajanunua jengo, mtu aliliziba dirisha. Kwa nje alijenga matofali membamba ya mstari mmoja. Kwa ndani alifunga mabawa ya mbao, akapigilia mbao nyingine na kupaka lipu juu yake. Katikati akaacha uwazi mtupu. Mawe ya pande zote mbili yalikuwa yameshikana kama siku ya kwanza, na juu yake tao la mawe lilibeba boriti bila kulalamika. Kilichopasuka kilikuwa ile saruji ya juu tu.

"Ukuta haukufa," anasema fundi. "Ulifumba jicho."

Shangazi alichomoza kichwa kwenye dirisha la pembeni aliposikia mlio. "Fundi! Umenitoboa nyumba?"

"Hapana, Shangazi. Nimekuletea dirisha."

Mama wa watu akainamia nje, akachungulia lile tundu. Kisha akajiinua na kusema kwa sauti iliyofika mtaani: "Nakwambia mtu yuko hai, wewe unampimia sanda!"

Huko chini kinyozi akapaza sauti, "Mzika Hai!" Jina likashika hapohapo, halikuhitaji shahidi.

Lakini mashine za kubomolea zilikuwa zimeshaombwa kwa neno lake, na neno hilo ni yeye tu aliyeweza kulirudisha. Fundi anakiri kwamba alikaa kwenye ngazi akipiga hesabu. Mjini hana duka wala kibao. Ana sikio, na watu humwita kwa sababu ya sikio hilo. Akienda ofisini kwa mhandisi kusema limekosea, nani atamwita tena?

Akaenda nyumbani kwanza. Mkewe, mpishi wa shule, alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Watanicheka," fundi akamwambia.

"Kama unaogopa kuchekwa, mimi ulinioaje?" mkewe akajibu bila kuinua macho. "Nenda kabla ofisi hazijafungwa. Na ujipanguse kope, umejaa chokaa kama mzimu."

Hakujipangusa. Alifika na chokaa zake, akasimama mbele ya meza ya mhandisi, akasema alichokuja kusema. Mhandisi alimtazama kwa mshangao.

"Yaani umetoka huko kote kuja kujishtaki mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Humu ndani watu huja kushtaki wenzao. Ngoja nivae buti."

Alikuja siku ileile. Akaingiza kichwa na mabega yote kwenye lile tundu, akamulika, akapima, akagonga mwenyewe. Alipotoka alikuwa na nywele nyeupe kwa vumbi, naye anacheka. Akaahirisha kubomoa palepale na kumpa Shangazi muda wa kutosha: saruji itolewe yote, dirisha lifunguliwe, ukuta urudishiwe chokaa.

Siku hizi fundi akieleza kisa hiki kwa wanafunzi wake hulitetea sikio lake mpaka mwisho. "Sikio halikukosea," husema. "Sikio lilisema hapa pana uwazi. Msiba niliuongeza mimi."

Ndiyo maana amebadilisha namna ya kufanya kazi. Akipata sauti ya debe, hasemi kitu. Kwanza humuuliza anayekaa ndani: hapa huwa pakavu au pabichi? Panya hupita? Upepo huingia? Kisha hutoboa tundu dogo, upana wa kidole, na kuchungulia. Kwa njia hiyo ameshapata mlango uliozibwa kwenye ghala moja na kabati la ukutani kwenye shule ya zamani, vyote vikiwa vimeandikiwa kifo na watu wengine. Wala hakuna aliyeacha kumwita. Wanamwita zaidi, na wengi husema wanamtaka yuleyule aliyekosea.

Sasa uso wa jengo umekaribia kumalizika. Ni mweupe wa maziwa, si mweupe wa rangi ya dukani, na jioni unachukua rangi ya jua kama ngozi. Mabawa ya lile dirisha yalioshwa yakapakwa mafuta, bawaba zake zilezile. Shangazi kahamishia cherehani mbele yake. Zamani aliwasha taa mchana kutunga uzi. Leo anatunga uzi huku akiwasalimia wapita njia kwa majina na kuwasema kwa mavazi yao.

"Ukinyamaza ukapita hapa chini utasikia watu wanaulizana, hili jengo lilikuwapo?" anasema fundi, na safari hii hatanii. "Lilikuwapo! Nyie ndio hamkuwapo. Hapo moyo wangu unajaa mpaka nakosa pa kuweka mwiko."

Ua wa nyuma Shangazi kamwachia achimbe mashimo ya chokaa. Kuna wanafunzi wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na mmoja wao ni mwashi wa saruji aliyekuja kwanza kucheka. Fundi anataka chokaa inayolowekwa leo iwe imeiva ukumbi wa soko kuu utakapotangaziwa matengenezo. Kazi hiyo anaitaka yeye na watu wake, na amekwisha kuuzunguka sana ukumbi huo akiugonga kwa nje, hadi walinzi wakamzoea.

Ghafla mpwa anatokea chini ya jukwaa, tai imelegea, simu sikioni. Ofisi yake iko kwenye mnara wa vioo hapo jirani, na tangu mvua ya juzi dari yake inavuja juu ya meza. Anapiga simu, anasikiliza, anakata, anapiga tena. Anapochoka anainua uso kwenye dirisha.

"Shangazi, mnunuzi bado yupo. Mimi nakuonea huruma tu. Jengo la kale hili, hata waliolijenga wote wameshakufa!"

Cherehani inanyamaza. Fundi naye anashusha mwiko asikilize.

"Ni kweli, mwanangu, wamekufa, na nyumba yao imesimama," anasema Shangazi kutoka dirishani. "Waliojenga ya kwako wako hai, na simu hawapokei."