Begi Lililopimwa kwa Mizani ya Vitunguu

Mdogo wangu alifika msibani na begi refu linalonifikia mabegani. Akiwa kazini Unguja alipata simu kwamba mama ametutoka, akaondoka vile alivyokuwa, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia vifaa vyake, alikuja navyo. Wanaume wawili walimsaidia kulishusha begi kwenye gari. Sebule ilikuwa imejaa wageni, kwa hiyo wakaliingiza chumbani kwa mama. Lilikuwa jeusi, limevimba katikati na limesinyaa upande mmoja. Nilipopita na birika la chai nililiona limelala palepale alipolazwa mama kabla ya kutolewa, nikageuza uso.

Si mimi peke yangu niliyeona hivyo. Jirani mmoja, mtani wa ukoo wetu, alifanya kazi yake ya utani bila kuchelewa. Alilivuta begi mpaka uani, akajilaza kando yake, akajifunika kanga usoni.

"Huyu mwingine mmemficha wa nini?" akapiga kelele. "Mfungueni nimwone! Nanyi msiponilipa, leo mtazika watatu!"

Watu walicheka sana, na mdogo wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Akampa noti, akamwinua. Shangazi yetu, mkubwa wa ukoo kwa upande wa wanawake, hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni na mgolole wake, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiiraqw, kwamba hicho kitu kitolewe ndani ya nyumba. Kikahamishiwa stoo, kwenye magunia ya mahindi.

Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kufundisha wageni mchezo wa kishada baharini. Si kishada cha karatasi cha watoto. Ni kitambaa kikubwa kama chumba, kinajazwa hewa kwa pampu, kinapaa, na mtu anafungwa nacho kiunoni kwa mkanda huku amesimama juu ya ubao, upepo unamvuta majini. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na bahari nimeiona kwenye simu tu. Aliponionyesha video zake nilitazama zaidi yale maji yaliyokuwa chini yake.

Sasa alikuwa amepata nafasi ya kufanya kazi Misri, kwenye Bahari ya Shamu, kwa msimu mmoja. Tiketi ilikuwa imekwisha kukatwa na waliomwita, na siku ya safari iliangukia kabla ya kuondoa matanga. Jambo hilo ndilo lililogawa nyumba. Shangazi alisema mtoto haondoki mama yake akiwa bado na udongo mbichi. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alisema kazi haingoji udongo ukauke. Baba mdogo alikuwa mnunuzi wa vitunguu kule Baray na gari lilikuwa lake, basi neno lake likapita. Lakini shangazi hakunyamaza moja kwa moja. Alisema, "Haya, aende. Anayeondoka msibani bila kuagwa, msiba unamfuata njiani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kwamba jioni kutakuwa na baridi.

Siku moja kabla ya safari, mdogo wangu alikitoa kishada akikague. Alisema ukikifunga kikiwa na unyevu wa bahari kinaoza, na ukikifunga kina tundu unakuja kulijua tundu hilo ukiwa majini. Akakitandaza kwenye shamba la nyuma lililokwisha kuvunwa, akakijaza hewa, akaanza kupaka sabuni kwenye mishono aone kama inavuja. Ukungu ulikuwa umeondoka msituni upande wa Ngorongoro na mchana ulikuwa mweupe, vumbi jekundu limetulia. Waombolezaji walijikusanya kutazama. Kilikuwa cha bluu, na hakuna kitu chochote pale kijijini kwetu Daa kilichokuwa cha bluu namna ile.

Upepo ulikuja mara moja tu. Hata majani ya migomba hayakutangulia kutikisika. Kishada kiliinuka, kikamburuta mdogo wangu juu ya matuta ameshika ukingo kwa mikono miwili, watu wakapiga mayowe, naye akapiga kelele, "Msikishike! Kiachieni!" Mwisho akakiachia yeye. Kikajipindua mara mbili na kutua juu ya kaburi la mama, mwisho wa shamba. Kililifunika lote, msalaba ukakiinua kidogo katikati. Hatukusogea.

Mdogo wangu alikwenda akakifungua hewa, kikanywea taratibu juu ya kaburi. Aliporudi magoti yake yalikuwa yanatoka damu.

"Mmeona nguvu yake?" alisema. "Na huo ni upepo wa shambani tu."

Jioni ile tulifungasha pamoja. Mimi ni dobi katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu, kazi yangu ni kufua na kukunja, basi alinifundisha na nikashika upesi. Kwanza unapangusa mchanga wote kwa kitambaa kikavu. Unatoa hewa mpaka kitambaa kinalala kabisa, halafu unakikunja kutoka ncha hadi katikati, bila kukanyaga. Kamba unazizungusha kwenye fimbo yake kwa mtindo wa namba nane, kwa sababu zikijifunga ndani ya begi zitajifunga hewani. Mapezi ya ubao unayafungua, na skrubu zake unazitia kwenye mfuko mdogo na kuufunga kwenye fimbo zisipotee. Ubao unauzungushia kitu laini, maana wapakizi wa uwanja wa ndege wanarusha mizigo. Kofia ngumu, suti ya mpira na jaketi la kuelea zinakaa kwenye miisho miwili ya begi, ndizo zinazopokea kishindo.

Jaketi lile lilikuwa la chungwa, limechakaa mabegani. Nilimwuliza linafanya nini.

"Linakuweka kichwa juu hata ukizimia, dada."

Nikalikunja kwa uangalifu kuliko vitu vyote.

Wakati tunamaliza, shangazi aliingia na blanketi la mama. Lilikuwa lile zito la kijivu, alilojifunika miaka yote ya baridi. Nyumbani kwetu blanketi la mama huenda kwa kitinda mimba, na hupewa siku ya kuondoa matanga, mbele ya watu. Shangazi alilileta kabla ya siku yake. Alilitandika magotini mwa mdogo wangu na kusema, "Usilale bila hili." Basi tukauzungushia ubao blanketi. Lilitosha kama lilishonwa kwa kazi hiyo. Shangazi akatoka, akarudi na mfuko wa maharage, akauchomeka humo humo.

Tiketi iliruhusu kilo ishirini na tatu. Baba mdogo akaleta mizani yake ya kuning'iniza, ile anayopimia vitunguu, akaitundika kwenye boriti ya stoo. Tuliliinua begi, likaning'inia wima, likizunguka polepole. Mshale ulisimama kwenye ishirini na tatu, haukuzidi hata kwa unywele.

"Limekaa!" alisema baba mdogo. "Mungu mwenyewe amelipima."

Sote tulifurahi. Kila mkulima wa Baray alijua kwamba gunia likipimwa kwa baba mdogo huwa linapungua bila kuguswa. Walimtania mbele yake, naye alicheka na kuwaambia wakauze kwingine. Nami nilijua. Lakini siku ile mizani ile haikuwa inanunua kitu, ilikuwa inapima mzigo wa mtoto wetu, na sidhani kama kuna mtu ndani ya stoo ile aliyekumbuka kuwa mizani haichagui.

Alfajiri tulikwenda uwanja wa Kilimanjaro kwa gari la baba mdogo, sisi watatu mbele, begi nyuma juu ya magunia matupu ya vitunguu. Tulipoteremka kuelekea Mto wa Mbu nililisikia likigonga kila kona. Mdogo wangu alikuwa akiimba. Baba mdogo alimwambia akifika huko amtafutie Waarabu wa kununua vitunguu.

Uwanjani, begi lilipolazwa kwenye mizani, namba nyekundu zikasimama karibu na ishirini na saba.

"Limezidi, kaka," alisema dada wa kaunta.

"Haiwezekani. Tumelipima."

"Mmelipimia wapi?"

Mdogo wangu alimtazama baba mdogo, halafu akaanza kucheka. "Baba mdogo! Hata mimi?"

Baba mdogo hakucheka. Alikuwa anatazama zile namba. Aliuliza bei ya kilo zilizozidi, mkono wake ukiwa tayari ndani ya koti. Alipotajiwa, mkono ulitoka mtupu. Nasema kwa haki: mimi pia sikuwa na fedha hizo, na msiba ulikuwa umekausha kila mfuko wa ukoo.

"Acha, baba," mdogo wangu alisema haraka. "Tunapunguza."

Tukalifungua begi sakafuni, foleni ikiwa nyuma yetu. Maharage yakatoka kwanza. Kofia ikatoka. Bado. Pampu haikuweza kutoka, bila pampu kishada ni kitambaa tu. Suti nayo alisema haiachiki, kule maji ni ya baridi wakati wa msimu wake. Nikamwambia aache blanketi, nitamtunzia mpaka arudi.

"Dada, nikiliacha shangazi atajua. Hata asipojua, mimi nitajua."

Akatoa jaketi. Namba zikakubali.

Begi la mkononi lilikuwa limejaa mpaka zipu inalia, kwa hiyo akalivaa jaketi juu ya shati lake, akafunga vishikizo vyote, akasimama wima pale kaunta. Dada wa kaunta akacheka.

"Kaka, umeshaamua ndege yetu inaangukia baharini?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akasema, "Basi na sisi atugawie!" Hawakuwa na ubaya wowote. Mdogo wangu alicheka nao, lakini niliona shingo yake inabadilika rangi. Alifungua vishikizo kimoja kimoja, akanivisha mimi jaketi.

"Nitaazima kule. Wanayo mengi."

Akanikumbatia juu ya jaketi hilo, sikumhisi vizuri. Akapita. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimelivaa na sikujua namna ya kulivua mbele ya baba mdogo. Tulipopita Makuyuni akasema vumbi limekuwa jingi mwaka huu. Nikakubali.

Tuliondoa matanga bila yeye. Alikuwa ananipigia Jumapili. Kila mara nilimwuliza habari ya jaketi, kila mara alisema, "Wiki hii nitapata." Baadaye akawa ananitania, "Wewe dobi, unauliza nguo kuliko unavyoniuliza mimi." Nikaona aibu, nikapunguza kuuliza. Upepo uliposumbua mabati nilikuwa nahesabu ni saa ngapi huko, ingawa najua upepo wa Daa haufiki Misri.

Simu ya mwisho ilitoka kwenye namba yake lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa Tanga aliyefanya kazi pamoja naye. Alisema kamba moja ilikatika, kishada kikaanguka mbali, upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Mdogo wangu alionekana akiogelea. Aliogelea muda mrefu. Mashua ilipofika, hakuonekana tena, wakampata kesho yake. Nikamwuliza lile ninalojua kuliuliza. Kijana akasema majaketi ya pale yalikuwa ya wanafunzi, na walimu walitakiwa kuja na yao.

Alirudi kwa ndege, jeneza na begi. Begi lilikuwa limefungashwa na watu wanaojua: mchanga umepanguswa, kamba zimezungushwa kwenye fimbo kwa namba nane, skrubu ziko kwenye mfuko wake. Ubao ulikuwa ndani ya blanketi la mama. Linanukia chumvi. Sijalifua. Tulimzika kando ya mama, na safari hii mtani wetu hakufanya utani.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu tulikaa uani kwenye mikeka. Baba mdogo ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua kwanza. Alikuwa amekonda. Kabla hajachagua alinigeukia, watu wote wakisikia.

"Mwanangu. Kule walimpa jaketi?"

Shangazi alinitazama. Nadhani alitaka niseme ndiyo. Ningeweza kusema ndiyo na ukoo ungelala. Lakini aliniuliza akiniita mwanawe, na kusema uongo juu ya kaburi la mdogo wangu mimi siwezi.

"Hapana, baba. Hawakumpa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Nilimwambia pia kwamba sijui kama lingemwokoa, kwa sababu kweli sijui. Aliombwa achague, viatu vilikuwepo, simu ilikuwepo, koti zuri lilikuwepo. Akaomba jaketi la kuelea. Nikaingia ndani kulichukua, nikampa mikononi. Shangazi akajifunika mgolole wake usoni.

Msimu wa vitunguu uliofuata niliteremka Baray na magunia mawili ya vitunguu vya shemeji yangu. Kwenye banda la baba mdogo, pale ilipokuwa ikitundikwa mizani ya zamani, kulikuwa na jaketi la chungwa kwenye msumari. Mizani ilikuwa nyingine, ya kusimama chini, mpya. Hakuna mkulima aliyemtania.

Gunia langu lilipowekwa, baba mdogo aligeuka akatazama upande wa ziwa lililo karibu na Baray, ambako vumbi lilikuwa linainuka.

"Soma wewe," alisema.

Nikainama, nikasoma kwa sauti. Akaandika nilivyosema.