Kunyonya kwa Mara ya Tano

Maziwa ya unga ya watoto wachanga nilikuwa nikiyanunua kwa masikio na vidole, maana yale maandishi ya Kifaransa ubavuni mwa kopo hayakunihusu. Nalitikisa. Likilia kama mchanga mkavu, ni zima. Likigonga kama jiwe, limeingia unyevu. Naminya kitako, kikibonyea na kurudi, naliacha hapohapo. Mwenye duka mmoja wa Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa, alikuwa akinitania: "Mama, unalinunua hilo kopo au unaliposa?" Jina lake ninalo, na la baba yake, na la mke wake wa kwanza pia. Lakini wajukuu zake wanauza palepale mpaka leo, basi nayameza.

Ilikuwa miaka ya wale Wazungu wa bunduki, mamluki walioishika nchi yetu. Mimi nilikuwa Moroni na mume wangu. Binti yetu alikwenda kuzaa kifungua mimba nyumbani kwetu Mutsamudu, kisiwa cha pili, mikononi mwa dada yangu mkubwa. Siku ya sita baada ya kuzaa, msafiri akaniletea habari: mtoto ni wa kike na mzima, ila mama ana homa na maziwa yamemkauka. Mutsamudu kopo hakuna.

Moroni nako yalikuwa haba. Nilizunguka tangu asubuhi. La duka la kwanza lina kutu ukingoni, la pili limevimba, la tatu mwenyewe hataki nilishike. Kwa yule mtani wangu lilibaki moja. Nikalitikisa, nikaliminya, nikalinusa, nikaridhika. Kesho yake nikapanda ndege ndogo.

Kwenye uwanja wa ndege wa Ouani askari walikuwa wakipekua kila mfuko. Mzungu wao amekaa pembeni kwenye gari, miwani myeusi, hata hatutazami. Askari akalitoa kopo langu.

"Nini hii?"

"Maziwa ya mtoto, mwanangu."

Akabandua kifuniko cha plastiki, akachungulia karatasi ya bati iliyoziba mdomo, akanirudishia kifuniko mkononi. "Haya, pita."

Nikakigeuza mkononi. Ndani ya kile kifuniko mlikuwa na mistari mitatu iliyochomwa kwa msumari wa moto. Niliichoma mimi. Majirani walikuwa wakiazima makopo yangu ya kupimia mchele, nami nikayatia alama yasipotee. Mwaka ule wa nyuma niliyauza matupu, na vifuniko vyake, kwa mwenye duka huyohuyo. Aliniambia na yeye anataka vipimo vya mchele.

Njia nzima ya kwenda Mutsamudu nilikuwa nafungua na kufunga. Labda na mwenzangu mwingine huchoma mistari mitatu. Labda kifuniko tu ndicho changu, kopo ni jipya. Nikapitisha ukucha kwenye ile karatasi ya bati. Pembeni ikabanduka gundi nyeupe, ya unga.

Dada yangu alinipokea kwa vigelegele, maji tayari yanachemka. Nikamwambia asubiri. Nikachukua kijiko kimoja cha maziwa, nikakiweka kwenye sufuria na maji, nikakoroga jikoni. Maziwa hubaki mepesi. Haya yakaanza kuvuta, yakashika mwiko.

"Unga wa muhogo," nikasema.

"Uji mwepesi haujaua mtu."

"Mtoto wa siku saba, dada?"

"Na huyo mwizi kopo kalitoa wapi?"

"Nilimuuzia mimi."

Akanitazama, kisha akamimina ule uji uani, kuku wakaukimbilia.

Nyumba ya pili, yenye ukuta mmoja na yetu, alikuwapo mama anayenyonyesha. Mtoto wetu analia, yule ana maziwa mpaka nguo zinalowa, na hakuna aliyekwenda kumwita. Kwa sheria ya dini, mtoto akishiba ziwa la mwanamke mara tano, huwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wote wa mama yule ni ndugu zake, hawaoani milele. Mara nne si kitu. Na dada yangu, tangu alipoambiwa ni msichana, alikwishazungumza na baba wa nyumba ile juu ya kumwozesha mwanawe mkubwa. Ukuta ungetobolewa mlango, nyumba mbili ziwe moja. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka sita.

"Mara nne," dada yangu akasema. "Nne, nami nazihesabu."

Msafiri aliyekuwa akirudi Moroni nilimpa ujumbe kwa mume wangu: nunua kopo kwenye duka la dawa, usiende Badjanani, tia kwenye boti ya usiku. Kisha tukaanza kuhesabu. Alasiri moja. Magharibi ya pili. Isha ya tatu. Katikati tulimpoza kwa maji ya sukari kwa ncha ya kitambaa. Alfajiri ya nne.

Asubuhi sikukaa kitako. Nashuka mpaka mwisho wa kichochoro kutazama bandari, napanda, namgusa mtoto mdomo, nashuka tena. Boti ilionekana, imesimama nje. Mchukuzi mmoja akaniambia bandari imefungwa. Wazungu wanapakua masanduku yao, na hakuna anayejua watamaliza lini.

Kufika adhuhuri mtoto alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililonitisha. Binti yangu alinitazama kutoka kitandani.

"Boti hiyo hapo," dada yangu akasema. "Itaingia baada ya saa mbili au tatu."

"Umeiona ikisogea?"

Akaenda dirishani. Nikambeba mtoto, nikatoka.

Jirani alikuwa amekaa mkekani uani kwake, mwanawe mdogo kifuani. Akamwondoa, akampokea wetu, lakini hakumpa ziwa bado.

"Mama, hii ni ya tano."

"Najua."

"Na dada yako?"

"Yuko dirishani anahesabu."

Akacheka. "Basi nimepata binti bila uchungu. Na mmemwokoa asiolewe kwangu, wanangu wote wana pua ya baba yao." Kisha akaacha kucheka. "Nitajie majina yao. Wewe ndiye utakayekumbuka siku mimi nitakapokuwa sipo."

Nikawataja, mkubwa kwanza, yule wa ukuta, mpaka huyu wa nne aliyekuwa akiligombea ziwa lake.

"Na wa tano anaitwa nani?"

Jina lilikuwa halijatangazwa; akika ya siku ya saba tuliiahirisha kwa sababu ya homa ya mama. Nikaliinamia sikio la jirani, nikamwambia. Naye akampa mtoto ziwa.

Juu, dada yangu akafunga dirisha. Mtoto aliendelea kunyonya.