Siku Bi Kuruthum Alipofunga Mlango

Mlango wa Bi Kuruthum pale Aija, mtaa wa Sur huko Omani, ulikuwa ukifunguliwa baada ya sala ya alfajiri na kurudishwa baada ya isha, na katikati ya hapo hakuna aliyewahi kuugonga. Mtu alisema hodi akiwa ameshavua viatu. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, wa kuchonga, ulioagizwa na marehemu mumewe, Hood, mwaka walipohamia nyumba ile. Hood alimsumbua sana fundi kwa yale maua ya juu, hata fundi alipomaliza kazi akahama mtaa.

Bi Kuruthum alizaliwa Unguja, akaletwa Sur akiwa msichana. Kiarabu chake kilimtosha kugombana na wauza samaki, lakini kuomba dua na kukemea watu alirudi kwenye Kiswahili. Kila asubuhi alikaa kwenye mkeka nyuma ya ule mlango, dele la kahawa upande huu, sahani ya tende upande ule, na mtaa mzima ukapita mbele yake. Yeye mwenyewe hakuwa akienda kwa mtu, isipokuwa penye harusi au msiba, au akiaga safari. Alikuwa ndiye mkubwa wa pale, na wadogo ndio waliomwendea.

Balaa lilianzia kwenye mtungi wa gesi. Mtungi wa nyumba iliyo karibu na msikiti ulitoweka, watu wakashtuka, wakaitana, na kwa msaada wa watu wa baladiya, yaani halmashauri ya mji, wakaunda kamati ya mpango ulioitwa Mtaa Salama. Wiki iliyofuata mwenye mtungi akakumbuka kwamba alimwazima shemeji yake wa Ashkhara. Lakini kamati ilikuwa imeshaundwa na imeshapata mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Yaqoob.

Yaqoob alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Alistaafu forodhani, ambako maisha yake yote alikuwa akifungua masanduku ya watu, na sasa alipata raha mpya ya kuwaambia wafunge. Funga mlango. Usiache viatu nje. Usimwambie mtu unapokwenda. Uliza nani kabla ya kufungua. Nyumba itakayotimiza yote hayo, mkaguzi wa baladiya ataipa kibao cha shaba cha kupigiliwa mlangoni.

Bi Kuruthum angeyacheka na yakapita, lau si mwanawe. Muadh alikuwa na kazi nzuri Maskati na nyumba ghorofa ya saba, na tangu baba yake afariki alikuwa akimvuta mama yake akakae naye. Aliposikia habari za Mtaa Salama akapiga simu.

"Mama, tuandikiane. Ukipata kibao, utakaa Aija na sitakusumbua tena. Ukikikosa, basi nyumba hiyo si salama, na mimi nakuja kukuchukua."

"Unichukue kama sanduku?"

"Nikuchukue kama mama yangu."

"Ghorofa ya saba nitafanya nini, mwanangu? Niwapungie mkono kunguru?"

Lakini alimjua mwanawe. Alikuwa mtulivu kama baba yake, na kama baba yake, akishasema, kasema. Muadh akaleta fundi, akafunga komeo jipya la chuma kwa ndani, na nje akaweka kengele yenye jicho la kamera na kipaza sauti. Mtu akiibonyeza au akiutikisa mlango kwa nguvu, Muadh humwona kwenye simu yake kule Maskati na kumsemesha.

Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Mlango uligongwa, Bi Kuruthum akauliza kama alivyofundishwa:

"Nani?"

"Miye."

"Miye nani?"

"Miye huyu, Bi Kuruthum! Kwani leo hunijui?"

Na hakuna hata mmoja aliyekubali kutaja jina. Waliona ni kutukanwa. Mtu unamjua tangu kitovu chake hakijakauka, leo akutajie jina kama yuko kwa daktari? Wengine walinuna wakarudi na sahani zao za sambusa.

Yaqoob mwenyewe aliukwepa mlango akaja kwa jikoni.

"Wewe si ndiye uliyesema watu waulizwe?" Bi Kuruthum alimkaripia.

"Niliwaambia watu, Bibi. Mimi si watu, mimi kamati. Hebu nimiminie."

Ndipo Fawziya akatokea. Fawziya ndiye mkaguzi, msichana wa baladiya, bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Pemba, na Kiswahili chake alikiokota hapa na pale. Akabonyeza kengele, akafunguliwa, akaona mlango ulifungwa vizuri. Akafurahi. Kisha akamwona mwenyekiti wa kamati kajilaza kwenye mto, kikombe mkononi, na mlango wa jikoni uko wazi.

"Ami Yaqoob! Wewe umeingia wapi?"

"Nilikuwa nakagua," alisema Yaqoob.

"Bibi, mimi sasa siwezi kupa kibao," Fawziya alisema kwa huruma. "Alhamisi narudi mara ya mwisho. Mlango zote mbili zifungwe. Lazima."

Alhamisi asubuhi Bi Kuruthum akatia komeo mlango wa mbele, akaketi kwenye mkeka wake. Kahawa ilikuwa tayari. Akajimiminia, akanywa. Akajimiminia tena. Akaitazama sahani ya tende, na ile sahani kama ikamtazama yeye. Kunywa kahawa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa ilikuwa kama kuongea na jiwe. Mtaa ulikuwa bado haujaamka vizuri, na Fawziya hakuwa mtu wa kuja mapema.

Akawaza: walichokataza ni watu kuingia. Hakuna aliyesema mimi nisitoke.

Akatia kahawa kwenye chupa ya chai, akavaa buibui lake, akatoka kwa mlango wa jikoni, ambao ukivutwa hujifunga wenyewe, na ufunguo wake ulikuwa kwenye uzi shingoni mwake. Simu aliiacha juu ya mto. Simu kwake ilikuwa kitu cha nyumbani, kama jiko. Akapita uchochoro wa nyuma mpaka kwa shoga yake Hajar, ambaye magoti yalikuwa yamemfunga ndani na hawakuonana tangu Idi. Na wala hakumwambia mtu anapokwenda, maana hilo nalo lilikuwa limekatazwa.

Kwa Hajar walizungumza mpaka chupa ikaisha. Walimsema Yaqoob, wakamsema marehemu mke wa kwanza wa mume wa Hajar, wakamrudia Yaqoob. Jua lilikuwa limepanda Bi Kuruthum alipoaga. Njiani akaona aingie kwa Yaqoob akamsalimu, kwa kuwa leo alikuwa ameshakuwa mtu wa kutembea.

Mlango wa Yaqoob ulikuwa wazi kabisa.

"Hodi!"

Kimya. Akaingia. Hakuna mtu sebuleni, hakuna mtu jikoni, na juu ya jiko sufuria ya mchuzi ilikuwa imeanza kuungua. Akazima gesi, akashika kiuno. Nyumba ya mwenyekiti wa Mtaa Salama, moto unawaka, mlango wazi, na ndani hamna hata paka! Alikuwa bado anaionea raha habari hiyo na kuipanga namna atakavyoisimulia, aliposikia kilio kikubwa barabarani.

Akatoka mbio za kadiri yake. Watu walikuwa wamejaa, wanaume huku, wanawake kule, sinia zimeshaanza kufika. Akajiunga na wanawake nyuma kabisa, pembeni mwa mama mmoja wa upande wa pili wa daraja, kule mjini, ambaye hakuwa akimjua.

"Nani kafa?" Bi Kuruthum aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bi Kuruthum, maskini. Kuruthum wa Hood."

"Innalillahi," alisema Bi Kuruthum, kwa sababu ndivyo isemwavyo. "Kafa na nini?"

"Halijasemwa. Lakini mlango umefungwa tangu alfajiri. Wamegonga, wameita, simu inalia ndani haipokewi. Mlango ule, dada yangu, haujapata kugongwa mwenyewe asiitike hata siku moja. Alipokwenda Hija aliaga mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Leo haitiki, na hakuaga. Basi hapo pana nini tena?"

Bi Kuruthum alijua ilimpasa kusema papo hapo kwamba yu hai. Lakini mtu hupata nafasi kama ile mara moja tu.

"Alikuwa mtu mwema?" aliuliza.

"Mwema sana! Mungu amrehemu. Ila nasikia kahawa yake nyepesi."

"Nyepesi!"

Lilimtoka kwa sauti yote. Zabibu, msichana wa Tanga afanyaye kazi kwa Yaqoob, aliyekuwa akipita na sinia ya vikombe, akageuka. Akamwona marehemu amesimama na chupa ya chai kwapani, amekasirika. Sinia ikaenda chini.

"Jamani! Bibi! Bibi huyu hapa!"

Kilio kikakatika kama kilichokatwa kwa mkasi. Wengine wakacheka, wengine wakalia upya, na yule mama wa upande wa pili wa daraja akaanza kusema kwamba kahawa nyepesi ndiyo nzuri kwa moyo.

"Sasa Yaqoob yuko wapi?" aliuliza Bi Kuruthum.

Zabibu akaelekeza kidole. Watu wakapisha, na hapo Bi Kuruthum akaona mlango wake. Ulikuwa umelala chali uani, na maua ya Hood yanatazama mbingu. Komeo jipya lilikuwa limeng'oka na kipande cha ukuta.

"Baba Yaqoob ndiye aliyeuvunja," Zabibu alisimulia, akihema. "Alijifunga taulo kichwani, akachukua mtaimbo. Alipopiga mara ya kwanza, kengele ikasema! Ilikuwa sauti ya Muadh kutoka Maskati. 'Wewe mwizi, nimekuona! Wewe nani?' Baba akajibu, 'Mimi!' 'Mimi nani?' 'Mimi, mimi!' Muadh akasema anaita askari. Baba akachanganyikiwa, mtaimbo ukaenda kwenye kengele, kengele ikanyamaza. Mlango ukaanguka, watu wakalia, na sasa yumo ndani anakutafuta."

"Hata yeye hakutaja jina?"

"Hata yeye, Bibi."

Gari la askari likafika wakati huo huo. Askari wawili wakaingia, na mle ndani wakamkuta mtu mzima, kafunga taulo, mtaimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kashika simu ya mwanamke, inalia. Alikuwa akitaka kuipokea amwambie Muadh habari ya msiba, hajui pa kubonyeza.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa usalama wa mtaa huu," Yaqoob aliwaambia.

Askari wakatazamana, kisha wakautazama mlango.

Ilibidi Bi Kuruthum amtetee. Alisema kwamba huyu kweli ni jirani yake, na kweli ni mwenyekiti, na kwamba kwake kumeachwa wazi na mchuzi ulikuwa ukiungua, wakitaka wakaone. Kisha akawakaribisha kahawa. Aliipika nzito, ya kukwangua koo.

Fawziya alifika akakuta askari wamekaa mkekani, waombolezaji wamejaa mpaka uani, na pale palipotakiwa kuwa na mlango uliofungwa pana jua tupu. Akasimama pale pale. Bi Kuruthum alipouona uso ule uliokunjamana, ndipo likamwingia kwamba kibao kimekwenda, na nyumba imekwenda nacho.

Muadh aliwasili alasiri, kaendesha njia yote bila kusimama. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akautazama mlango, akautazama ukuta, akasema taratibu, "Mama, funga mizigo."

Bi Kuruthum hakubishana. Alimmiminia kikombe, akampa.

"Jirani yako wa mlango wa pili, kule ghorofani, anaitwaje?"

Muadh akafikiri. "Namjua kwa sura."

"Leo nimefunga mlango nisiitike asubuhi moja tu. Wamekuja wamevunja ukuta. Sinia zimefika, hata mtu wa upande wa pili wa daraja kaja kunililia, na hanijui. Kwako nikifunga mlango nikafa, nani atakuja na mtaimbo?"

Muadh alikunywa kahawa, akakohoa kwa ule uzito wake. Aliyejibu ni Fawziya.

"Mpango yetu," alisema polepole, akitafuta maneno, "sababu yake ni hii. Kama mtu amepata shida, mtaa ijue haraka. Mimi nimekagua nyumba nyingi. Hakuna nyumba inajulikana haraka kama hii." Akafungua mkoba wake, akatoa kile kibao cha shaba. "Lakini mlango lazima itengenezwe."

"Nitautengeneza mimi," alisema Yaqoob kwa haraka. Askari walikuwa bado wapo.

Muadh alikitazama kibao, akamtazama mama yake, na hatimaye akacheka kile kicheko cha baba yake, cha puani. "Nilisema kibao," alisema. "Na kibao hicho hapo."

Mlango ulichukuliwa na fundi seremala, ambaye aliyaona yale maua akashika kichwa. Mpaka leo ukimuuliza utakuwa tayari lini, anasema ni inshallah. Kibao kimepigiliwa ukutani, kando ya nafasi iliyo wazi yenye pazia. Na kwa kuwa nyumba yenye kibao haiwezi kukaa bila komeo, kamati imeamua kwamba mpaka mlango urudi, Yaqoob atakaa hapo kwenye kiti kila asubuhi na kumuuliza kila anayeingia.

Bi Kuruthum hamjali. Siku hizi kanogewa na kutembea. Akitoka kwa Hajar na chupa yake tupu hukuta ile sauti ya forodhani inamngoja nyuma ya pazia.

"Nani?"

"Miye."

"Miye nani?"

"Miye marehemu," husema Bi Kuruthum. "Nipishe nipite."