Kahawa kwa Herufi za Amerika

Mume wa dada yangu simpendi, wala sitafuti dawa ya hilo. Nilifanya kazi katika duka lake la kompyuta, mtaa wa Mususa, Butembo, kwa sababu dada ndiye aliyeniombea nafasi. Shemeji akiudhika dukani, hasira aliimalizia nyumbani, kwa dada.

Tulikuwa tunafufua kompyuta kuukuu zilizoliwa na virusi. Nilichoma diski zenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta: unaingiza diski, unawasha, mashine inafanya kazi bila kugusa uozo uliomo ndani yake. Mwanzoni kila diski niliitengeneza kwa mkono, nikitoa programu zisizofaa na kuweka za wanafunzi. Baadaye nikaziandika amri zote katika faili moja. Ukiifungua, kompyuta inakusanya, inabana na kuchoma yenyewe, nami nakunywa chai.

Ile chai ilimkera shemeji.

"Client akuone unatoka jasho," aliniambia. "Kama machine inajifanyia yote, we niko nakulisha ya nini?"

Kwa wateja alijisifu kwamba kazi yote ni ya mikono yake. Mwongo mkubwa. Mikono hiyo haikuwa imeandika hata herufi moja, na heri ingebaki hivyo.

Masista wa shule moja ya Beni, waliomsomesha dada, walitaka diski za chumba chao chote cha kompyuta, na mtu wa kukitunza. Nafasi hiyo niliitaka mno. Ingeniondoa mbele ya uso wa shemeji.

Kabla sijachoma diski, yeye akafungua faili yangu bila kuniambia. Kwenye mstari wa kibodi nilikuwa nimeandika fr, yaani cha Kifaransa. Akafuta, akaweka us, yaani cha Amerika. Kwetu mtumba ukisemwa umetoka Amerika watu wanaugombania, basi akaona kibodi nacho kitakuwa imara zaidi.

Tukaenda Beni, dada akiwa nasi. Mbele ya sista mkuu, shemeji akaandika neno la siri alilolichagua mwenyewe, nami nikaliweka katika faili: kahawa. Mashine ikakataa. Akarudia, akigonga vibonyezo kana kwamba mashine ni kiziwi. Ikakataa tena.

"Ni huyu mudogo aliharibu," akasema. "Nilimuambia asifanye mbio."

Nikamsogeza kando. Kibodi cha Kifaransa kikidhaniwa cha Amerika, herufi zinabadilishana viti. Nikabonyeza q palipotakiwa a, na z palipotakiwa w. Ikafunguka.

Shemeji akacheka. "Munaona? Nilimufundisha muzuri."

"Hii kazi nani aliifanya?" sista mkuu akauliza.

"Ni mie, ma sœur. Ye alibadirisha neno moja tu, na njo ile ilikatala."

Nikafungua faili, nikamwonyesha us. Sista akamtazama shemeji kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyenakili.

"Chumba utakitunza weye," akaniambia. Kisha akamgeukia shemeji: "Na we papa, unaweza rudia Butembo."

Nilifurahi, na nilifurahi zaidi kwa kuuona uso wake ulivyobadilika. Mpaka leo nikiukumbuka nafurahi. Alitoka bila kuaga, akaingia garini, akapiga honi.

Dada alinishika mkono mlangoni. Nikadhani ananipongeza.

"We unabakia huku," akasema polepole. "Mie njo narudia naye nyumbani."

Honi ikalia tena, akaenda kupanda.