Besi ya Mwisho Duniani

Fundi bomba wa mtaa ule aliitwa Koki, kwanza kwa ajili ya kazi yake, pili kwa sababu kwenye kwaya hakujua kufunga. Wenzake wakimaliza wimbo, yeye bado anatiririka. Ndiyo maana mwalimu wa kwaya alipotunga wimbo wa kuangamia kwa binadamu, Koki akapewa nafasi ya mtu wa mwisho.

Wimbo wenyewe haukuwa na mafumbo. Joto linapanda, mabomu yanaanguka, maradhi yanapita, na kila ubeti waimbaji kadhaa wanafumba mdomo na kukaa. Aliyekaa amekufa. Anabaki mmoja, anashikilia sauti yake mpaka pumzi imwishie, kisha kimya. Mwalimu alisema kimya hicho ndicho wimbo.

"Mpe shemeji," Koki alimwomba. "Mimi niue mapema."

Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alikuwa muuza nyama mwenye kifua cha pipa. Alipangiwa kufa na joto, ubeti wa kwanza kabisa, na miguu yake ilishafurahi.

"Kifo cha wengi harusi, shemeji," alisema. "Mimi naenda na kundi."

Koki hakueleza sababu. Mkewe alikuwa na sauti nzito, akaimba besi ubavuni pake, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Kwaya ikishika sauti ndefu, watu huvuta pumzi kwa zamu: huyu akipumua, yule anaendeleza, msikilizaji asione pengo. Wao wawili walipokezana hivyo miaka yote. Sasa nyumbani Koki alikuwa mtu wa mwisho kila siku, na hakutaka kupigiwa makofi kwa hilo. Alikuwa mpweke, na aliona haya kusema.

Mwalimu hakubembelezeka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema, kana kwamba fundi bomba alihitaji kuelezwa habari za maji.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, na binadamu wakafa vizuri. Muuza nyama alikaa kwa kishindo, kiti kikalalamika. Mabomu yakachukua soprano wote. Koki akabaki amesimama katikati ya maiti, akashika sauti yake. Ikaenda, ikaenda, ikaanza kutetemeka. Akageuka kulia, alipokuwa akisimama mkewe, kwa mazoea tu. Kisha pumzi ikamwishia.

Sauti haikukatika. Muuza nyama, amefumba macho kama maiti mwaminifu, alikuwa ameipokea. Koki akavuta hewa, akarudi, shemeji akapumua. Wafu wengine nao wakaingia. Mwalimu alikata kwa mkono kuashiria wanyamaze, akakata tena, mpaka watu waliokuja kuona mwisho wa dunia wakaanza kutazama saa. Ikabidi pazia lifungwe.

"Wewe si ulikufa ubeti wa kwanza?" mwalimu alimfokea muuza nyama.

"Nilikufa, mwalimu. Lakini nilimsikia shemeji anaishiwa."

"Sasa binadamu hawakuisha! Wimbo wote umeharibika!"

Muuza nyama akaomba radhi. Koki naye akaomba radhi, machozi yakimtoka wala hayafuti. Mwalimu akatangaza kwamba kesho watarudia mazoezi ya kufa, kisha akamgeukia Koki.

"Haya, umeshinda. Nafasi yako nimpe mwingine."

"Hapana," alisema Koki. "Niache hapo hapo."