Kasoro Iliyompeleka Barke kwa Mamake

Khatibu wa Mishomoroni ni mtu asiyekubali kitu kiharibike bila sababu. Sisi wengine paa likivuja tunaweka sufuria chini na kuendelea na mazungumzo. Yeye hupanda juu na ndoo, akamimina maji bati moja baada ya jingine, mkewe ndani akipiga kelele kila anaporowa, mpaka tundu lijulikane. Kazi yake ni kutengeneza laptopu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na njia yake ni moja tu: gawa nusu kwa nusu. Umeme ukikatika ovyo, huchomoa nusu ya vyombo vya nyumba. Ukitulia, mkorofi yumo katika nusu ile, naye huigawa tena, mpaka abaki na pasi peke yake mkononi, akiitazama kama kadhi. Njia hii haikuwahi kumtupa. Balaa ni kwamba siku moja aliitumia kwa mke.

Mkewe ni Barke, binti wa Bi Mwanakheri wa Mjambere, mshonaji wa mabuibui, mwepesi wa ulimi na mwepesi zaidi wa moyo. Akirudi kutoka kwa wateja huketi mkekani kando ya mumewe, huvua mtandio, hubandika pini yake ya sumaku kwenye chuma chochote kilicho karibu isije ikapotea, kisha huanza kusimulia habari za mtaa huku akiichezea pini kwa kidole. Khatibu huitikia "ehee" macho yakiwa kwenye kioo cha laptopu. Ndivyo walivyoishi, na walipendana hivyo hivyo.

Sasa, laptopu ya Khatibu mwenyewe hutumia mfumo wa bure, ule unaotungwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia. Alipoweka toleo jipya tu, mashine ikaingia wazimu. Kioo kilizima ghafla, kikawaka tena, lakini kibodi haikujibu na padi ya kidole ilikuwa imekufa ganzi, mpaka uizime yote na kuiwasha upya. Khatibu akajua ugonjwa umo ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, wanakokaa viendeshi, zile programu ndogo zinazozungumza na vifaa vya mashine. Akamwandikia bwana mmoja wa Finland anayesimamia viendeshi vya kibodi. Bwana yule akajibu kwa adabu kwamba kasoro asiyoweza kuiona hawezi kuitibu. Khatibu amweleze kwanza namna ya kuifanya mashine ife.

Ndipo Khatibu akaanza kugawa. Alitoa feni na redio chumbani, laptopu ikafa. Akatoa cherehani na chetezo cha udi, ikafa. Mwisho wakabaki yeye, mkeka, na Barke anayesimulia harusi ya jirani.

"Barke, mpenzi, hebu toka nje kidogo."

"Nitoke nende wapi na jua hili?"

"Hapo barazani tu. Kuna kitu najaribu."

Barke akajitanda mtandio wake, akaubana, akatoka. Khatibu akaiwasha upya laptopu, ikachapa kazi kana kwamba haijawahi kuugua. Akamwita, akaingia, akaketi, akavua mtandio, na punde si punde kioo kikawa giza. Akamtoa tena, akaiwasha, ikapona. Akamrudisha, ikafa. Wallahi, nasema haya nikimpenda: mume mwenye akili hapo angemeza mate akanyamaza. Khatibu alimgeukia mkewe kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Basi ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Unayeiua mashine. Nimehakikisha!"

Barke hakugomba, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya. Alikunja nguo zake, akaenda kwa mamake Mjambere. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikwisha kusikia kwamba Khatibu amemwambia mkewe ana nuksi.

Laptopu nayo, kwa inda, ikawa nzima. Haikuzima hata mara moja. Kioko, kijana wa Machakos anayetengeneza simu kibanda cha pili, akaipapasa na kucheka.

"Buda, hii kitu iko fiti tangu madam asepe. Wacha tu ikae hivyo."

Khatibu alimtazama kwa chuki. Uzima wa mashine ile ulimuuma kuliko ubovu wake, maana kila ilivyofanya kazi ilikuwa ikitoa ushahidi dhidi ya Barke. Alijipikia chai ikatoka kama maji ya kusuuzia vikombe. Alisema "ehee" peke yake, akagundua hakuna aliyekuwa akisimulia, na machozi yakamlenga. Alimtaka mkewe. Na bwana wa Finland naye alikuwa ameuliza tena.

Akamwendea shangazi yake, Bi Fatma, amtangulie kwa wakwe kama ilivyo ada. Bi Fatma alibeba halua. Khatibu alibeba mfuko aliokataa kusema una nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Mwanakheri akaitika, kavu kama kaa la jana. "Umekuja kumwandama mkeo, ama umekuja na mtambo wako?"

Barke akaingia amejitanda mtandio, pini imebana chini ya kidevu, mbele ya mumewe wa ndoa, kama aliye mbele ya mgeni. Khatibu aliona, na moyo ukamshuka. Bi Fatma akasema maneno yote mazuri ya wazee, kisha akamsukuma mpwa wake aseme lake.

"Barke," Khatibu akaanza, "bila wewe laptopu haifi."

Bi Fatma akamfinya paja.

"Nataka kusema, nyumba haikaliki. Mashine ni nzima na mimi ndimi mbovu. Bora ife kila siku nawe uwepo."

Kona ya mdomo wa Barke ikatikisika. Bi Mwanakheri akanyosha mkono.

"Itoe hino mashine imwogopayo mwanangu, niione."

Khatibu akaifungua juu ya kibao, ikawaka. Barke akapumua kwa nguvu, akasema joto limezidi, akavua mtandio. Bi Fatma alishukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa alijua mtandio ule ukivuliwa ndoa imerudi. Barke akabandika pini kwenye ukingo wa laptopu, akaanza kuichezea. Kioo kikazima, kikawaka. Khatibu akabonyeza kibodi. Kimya.

"Imekufa!" akaruka. "Alhamdulillahi, imekufa!"

Mkono wa Barke ukauendea mtandio tena. Lakini Khatibu alikuwa amepiga magoti, ameitolea macho pini ambayo alikuwa haioni tangu waoane.

"Si wewe. Ni sumaku! Hapa ndani mna kitu cha kuhisi sumaku ya kifuniko, ili mashine ijue imefungwa, ilale. Pini yaiambia imefungwa, ukiichezea yaiambia imefunguliwa, nayo yaamshwa kabla haijalala sawasawa. Kibodi ndiyo hubaki usingizini!"

"Kwa hivyo ni pini yangu," Barke akasema polepole. "Basi bado ni mimi. Sirudi, Khatibu, mpaka huyo mkubwa wenu wa Finland aseme kosa ni la nani."

Khatibu akaandika palepale kwa simu, akaeleza pini, kidole na yote. Akarudi Mishomoroni peke yake, akanywa chai yake mbaya, akingoja.

Jibu lilipokuja alikimbia Mjambere bila shangazi, laptopu kwapani, akaifungua juu ya kibao, akalisoma kwa Kiswahili mbele ya mama na binti. Pini haina kosa lolote, bwana yule aliandika. Mtu yeyote ana haki ya kuweka sumaku apendapo. Kasoro ni ya kiendeshi chetu, tumeirekebisha, na katika kumbukumbu ya marekebisho tumeandika kwamba aliyeigundua ni Barke.

Barke aliomba jina lake lisomwe tena. Likasomwa. Akaingia ndani kuchukua nguo zake.

Bi Mwanakheri alibaki akimtazama mkwewe.

"Mtu wa Finland hajamwona mwanangu hata siku moja," akasema, "na amejua hana kosa. Wewe walala naye kitanda kimoja."

Khatibu, bingwa wa kutafuta sababu, aliinama akabeba mfuko wa nguo za mkewe, na laptopu akaisahau pale juu ya kibao.