Antena Juu ya Mabati Yetu

Bwana yangu alifanya kazi mgodini, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye televizyo. Kununua alinunua, picha ndiyo ilikataa kuja. Kila jioni alipanda juu ya mabati, akageuza bomba la antena polepole, mi nikisimama dirishani kumjibu, majirani wamejaa salon, chumba chetu cha kukaa.

"Inatoka?"

"Bado!"

Camp nzima ya wafanyakazi wa mgodi ilisikia. Akaongeza bomba, akazungusha waya wa shaba, akafunga na sufuria yangu ya aluminium. Sufuria yangu, jamani! Nilimgombeza wiki nzima.

Kisha vita vikapita mjini. Umeme uliporudi, askari wakaja jioni moja, moja kwa moja kwetu, bila kugusa nyumba nyingine.

"Citoyen, unaongeaka na waasi na hii machine?" mkubwa wao akauliza, akionyesha juu.

Bwana yangu akajibu ni ya televizyo. Wakamfunga mikono. Siku zile tuliona wanaume wakichukuliwa hivyo, na hawakurudi.

"Basi tuone picha," mkubwa akasema.

Nikawasha. Kwenye kioo mchanga mtupu, na kelele. Nikawaomba wamfungue apande kutengeneza. Wapi! Basi nikapanda mi mwenyewe, mama wa watoto wanne, ambaye hata mti sijapanda. Mabati yalinichoma magoti. Nikashika lile bomba, huku bwana yangu akipaza sauti kutoka salon: "Geuza upande wa barabara! Polepole, mama! Bado... bado..." Niliogopa kufa. Picha isipotoka, mi ni mjane.

"Hapo! Usiguse!"

Ilikuwa sauti ya askari. Niliposhuka, wamekaa kwenye viti vyangu wanaangalia wacheza ngoma. Wimbo ulipoisha wakamfungua.

Mlangoni yule mkubwa akaniambia, "Mama, usitukasirikie. Ni mutu wa hapa karibu alituambia. Anaingiaka kwenu."

Kesho yake majirani wakaja na vigoda vyao, kama kawaida. Nilitaka kufunga mlango. Bwana yangu akakataa: "Tukifunga, atajua tunajua." Akapanda.

"Inatoka?"

"Bado!" wakajibu wote pamoja.

Mi sikuangalia picha. Nilikuwa nasikiliza zile sauti, moja moja.